Mafuta yakipungua, usianze na spana

Mimi natunza hesabu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, hatua chache kutoka barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Ukisikia kiwanda usifikirie makubwa: banda la mabati, mashine mbili, chujio moja, mizani, na mimi na daftari langu. Mkulima analeta alizeti, tunamkamulia, anaondoka na madumu yake, mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, tunabaki nayo sisi. Spana sijui kushika. Lakini msimu uliopita ilibidi nitafute kwa nini mafuta yanapungua, maana lawama zote zilikuwa zinaishia mezani kwangu. Naandika tulivyofanya ili mwenye mashine ya kusaga, kisima au banda la kuku ajaribu kwake.

Ilianza mwezi Juni, foleni ikiwa imefika nje ya geti. Mama mmoja wa Pandambili, mteja wetu wa miaka, alinyanyua dumu lake, akalitikisa mbele ya watu wote, akasema, "Mwanangu, mwaka huu mnatuibia." Nilitamani ardhi inimeze.

Majibu hayakukosekana. Mzee mwenye mashine alisema skrubu ya kukamulia imekwisha. Akanunua mpya kwa shilingi 420,000, ikafungwa, mafuta yakabaki yale yale. Fundi wa umeme akasema umeme ni mdogo. Dogo anayeendesha mashine ya kwanza akasema alizeti ya mwaka huu haina kitu ndani. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na swali lenyewe hakuna aliyekuwa ameliandika.

Liandike tatizo kwa namba

Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili ya wajasiriamali pale Dodoma mjini. Mengi nimesahau, ila hili lilibaki: "mashine mbovu" si tatizo, ni lawama. Tatizo linataja kitu gani, kiasi gani, wapi na tangu lini.

Nikafungua daftari. Hapo nikagundua aibu yangu ya kwanza: miaka yote nimeandika "gunia 3, lita 50", "gunia 2, lita 36". Gunia lipi? Mmoja analeta gunia la kilo 60 lililofungwa vizuri, mwingine analeta lumbesa iliyoshonewa kichwa juu, unaweza kudhani ni watu wawili wamekumbatiana. Ukigawa lita kwa gunia za namna hiyo unapata namba, lakini haina maana yoyote. Kipimo kikiwa kibovu, tatizo litakuchezea kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia huku miguu inaonekana.

Kwa hiyo kwa wiki nzima kila mzigo ulipita kwenye mizani. Niliandika kilo zilizoingia, lita zilizotoka, mashine ipi na saa ngapi. Nilizibadili zote kuwa lita kwa kilo 100 ili zilingane. Wiki ilipoisha, sentensi yetu ilikuwa hii: mashine ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, inatoa lita 18 kwa kilo 100, mchana inapanda hadi 21, mashine ya pili inatoa 25 muda wote inapofanya kazi.

Isome tena sentensi hiyo. Nusu ya kazi iko humo.

Tatizo liko wapi, na haliko wapi

Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, walieneza njia ya kuweka pembeni kwa pembeni mahali tatizo lilipo na mahali ambapo lingeweza kuwepo lakini halipo. Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika "ni", kulia andika "si". Kisha kila mshukiwa unayemsikia, mpitishe hapo aeleze pande zote mbili.

Umeme mdogo? Mashine zote mbili zinakula kwenye laini moja, na ya pili haina shida. Umeme ukaachiwa huru. Alizeti mbovu? Mteja mmoja mzigo wake ukigawanywa kwenye mashine mbili, mmoja unatoa 18 na mwingine 25. Alizeti nayo ikaenda zake, ingawa ni kweli mbegu ya Record (aina ya alizeti) ya kurudiarudia haitoi mafuta kama mbegu chotara. Hilo ni tatizo jingine, lisichanganywe na hili. Skrubu? Tuliyoifunga ni mpya, na hata hivyo skrubu iliyokwisha haiponi yenyewe ikifika mchana. Ile ya zamani ipo kwenye kona mpaka leo. Haina ubaya. Mzee haipendi nikiitaja.

Swali la mwisho kwenye karatasi hiyo ni: nini kilibadilika, na lini? Daftari langu la zamani, pamoja na ubovu wake, lilionyesha kuwa lita zilianza kushuka wiki ya kwanza ya Juni. Mwishoni mwa Mei yalitokea mambo mawili: Babu aliyekuwa akiendesha mashine ya kwanza aliacha kazi akarudi shambani kwake, na tukapata mnunuzi mpya wa mashudu. La kwanza kila mtu aliliona. La pili hakuna aliyelijali, hata mimi.

Kaa pale pale uangalie

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota kule Japani, anasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha msimamizi ndani yake aangalie kazi kwa saa nyingi bila kugusa kitu. Mimi sikuwa na chaki. Nilipindua ndoo nikaikalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimejitanda khanga mbili, maana baridi ya Juni huku kwetu inakata.

Kongwa tuna mfano wetu wa watu wasiokaa kwenye ndoo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapa mradi mkubwa wa karanga, na matrekta yalifika kabla ya mtu kuuliza vizuri kuhusu udongo na mvua. Udongo wa huku kiangazi unakaza kama tofali, mvua yenyewe inakuja inapotaka. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na hasara ilikuwa karibu paundi milioni 36. Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia asubuhi moja tu, baada ya kusalimiwa kwa Kigogo, "mbukwenyi", na kukaribishwa.

Nilichokiona kwenye ndoo ni hiki. Dogo aliwasha mashine akamimina alizeti moja kwa moja. Mashine ikakaba, mota ikanguruma, breka ikaanguka. Akawasha tena, ikaanguka tena. Mara ya tatu alichukua spana akalegeza nati inayobana mdomo wa kutolea mashudu, mashine ikatulia ikaendelea vizuri. Foleni ikasogea. Kila mtu akafurahi, hata mimi ningefurahi kama ningekuwa ofisini.

Lakini mashudu yaliyokuwa yanatoka yalikuwa manene na laini. Nikachukua kiganja kimoja nikakikunja kwenye karatasi ya kaki, nikaminya. Karatasi ikalowa mafuta. Nikaenda mashine ya pili ilipowashwa saa nne: mashudu membamba, yanavunjika kama kaukau, karatasi inabaki karibu kavu. Mafuta ya mama wa Pandambili nilikuwa nimeyashika mkononi.

Na kumbe kuna jambo nililiona pia bila kulielewa. Mwendeshaji wa mashine ya pili, kabla ya kumimina alizeti, alizoa mashudu yaliyokwisha kutoka mashine ya kwanza akayapitisha tena kwenye yake kama dakika 20. Nilipomuuliza alisema, "Naipasha moto, dada. Si ndivyo Babu alivyotufundisha?"

Mifupa ya samaki, kwa ufupi

Kaoru Ishikawa, profesa wa Japani, alituachia mchoro unaofanana na mifupa ya samaki. Kichwani unaandika tatizo, na kwenye kila mwiba kundi la sababu: watu, mashine, malighafi, namna ya kufanya, vipimo, mazingira. Tuliuchora kwa makapeni kwenye boksi la sabuni. Faida yake ni kuwalazimisha watu wafikirie zaidi ya mwiba mmoja, kwa sababu fundi ataona mashine tu na mimi nitaona daftari tu. Hasara yake ni kwamba unaweza kujaza boksi zima na usijue lolote. Kwetu ulisaidia mara moja tu: Dogo, ambaye kwenye kikao huwa hasemi, aliandika neno "baridi" kwenye mwiba wa mazingira.

Uliza kwa nini, na usiishie kwenye jina la mtu

Kuuliza "kwa nini" mara tano kunahusishwa na Sakichi Toyoda, aliyezaliwa 1867, mtengenezaji wa mashine za kufuma nguo ambaye familia yake ndiyo iliyoanzisha Toyota. Tano si amri. Sisi zilikuwa sita.

Kwa nini mafuta ni pungufu? Yanabaki kwenye mashudu. Kwa nini yanabaki? Mdomo umelegezwa. Kwa nini umelegezwa? Mashine ikianza na baridi inakaba na breka inaanguka. Kwa nini inaanza na baridi? Haipashwi moto kwa mashudu.

Hapa ndipo watu wengi wanaposimama. Mzee alitaka kusimama hapa: "Dogo ni mzembe, akatwe mshahara." Kanuni niliyojiwekea ni kwamba jibu likiwa jina la mtu au neno "uzembe", bado halijawa jibu, nauliza tena. Nikamuuliza Dogo mwenyewe, taratibu, pembeni, si mbele ya foleni. Akanijibu, "Dada, nipashe na nini? Asubuhi mashudu hakuna."

Kwa nini hakuna? Yanachukuliwa yote jioni. Kwa nini yote? Kwa sababu mkataba na mnunuzi mpya, mfugaji wa kuku, unasema "mashudu yote ya siku, kila jioni, bila kubakiza".

Mkataba ule niliuandika mimi. Tena kwa kujisifu, maana bei ilikuwa nzuri na banda lilikuwa linabaki safi.

Zingatia kwamba mnyororo uligawanyika. Nati ililegezwa kwa sababu ya baridi, sawa. Lakini kwa nini haikukazwa tena mashine ilipopata moto? Kwa sababu Babu alikuwa anakaza kwa kusikiliza sauti, na hakuna alama wala maandishi aliyoachiwa Dogo. Ndiyo maana mchana ilifika 21 na haikufika 25. Ukifuata tawi moja tu utatibu nusu. Na ujue pa kukomea: ningeendelea kuuliza kwa nini mfugaji anataka mashudu yote ningefika kwenye bei ya mayai Dodoma mjini, ambako sina la kufanya. Nakomea kwenye kitu ninachoweza kukibadilisha mimi.

Thibitisha kabla ya kushangilia

Tulishajifunza kwa shilingi 420,000. Safari hii tulichukua mzigo wa mkulima mmoja, tukauchanganya kwenye turubai, tukapima kilo 50 mara mbili. Siku ya kwanza asubuhi, mashine ya kwanza bila kupashwa: lita 9. Kesho yake saa ile ile, tumeipasha dakika 20 na kukaza nati kidogo kidogo: lita 12 na nusu. Mbegu ile ile, mashine ile ile, mwendeshaji yule yule. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukikaza nati, ukibadilisha skrubu na kumleta fundi mpya siku moja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Hapa kosa la jaribio letu nalitaja: nati na kupasha moto vilikwenda pamoja. Tulirudia wiki iliyofuata tukivitenganisha, tukaona bila moto nati haikazwi kabisa, breka inaanguka.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Gunia mbili za mashudu zimepakwa rangi nyekundu shingoni, haziuzwi, zikichakaa tunabadilisha. Kwenye nati kuna alama mbili za rangi, ya kuanzia na ya kufikia. Mkataba umeandikwa upya. Nilimpigia Babu simu kumweleza, akacheka sana. "Mjukuu wangu, mashine imelala kwenye baridi usiku kucha. Mtu wa hivyo unampa kazi kabla ya uji?" Nikamuuliza mbona hakusema wakati anaondoka. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Bado napima kila Jumatatu asubuhi. Mashine ya kwanza sasa inatoa 24 kwa kilo 100. Hiyo moja iliyobaki sijaipata. Mama wa Pandambili tulimpa dumu la lita tano, akapokea bila kusema kitu, lakini Agosti alirudi na gunia nne.

Wiki jana mfugaji wa kuku alikuja ofisini anataka punguzo la bei. Anasema mashudu yetu yale ya mwanzo yalikuwa mazuri, siku hizi yamekuwa makavu, na kwa nini. Nimemfungulia ukurasa mpya kwenye daftari.