Mbunge Akiugua: Jinsi Kiti Kinavyotangazwa Kuwa Wazi, Kinavyojazwa, na Hatua Anazoweza Kuchukua Mpiga Kura wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi akisikia kwamba mbunge wake amelazwa, au amepelekwa ng'ambo kwa matibabu, hujiuliza kiti hicho kitajazwa lini na nani. Jibu la sheria ni kwamba maradhi ya mwili, hata yawe mazito kiasi gani, hayamwondoi mtu Bungeni. Kifungu cha 103 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja mambo yanayofanya kiti cha mbunge au seneta kiwe wazi, yakiwemo kifo, kujiuzulu, kuhama chama na utoro, lakini ugonjwa haumo. Rais ana utaratibu wake katika kifungu cha 144, ambapo Bunge la Taifa likipitisha hoja kwamba hawezi tena kutekeleza majukumu yake kwa sababu ya hali ya mwili au akili, Jaji Mkuu huteua jopo la watu watano, watatu wao wakiwa madaktari, ili wachunguze na kutoa ripoti. Mbunge hachunguzwi na jopo la namna hiyo. Kwa hiyo anayetaka kujua hatima ya eneo bunge lake asihangaike na habari za wodini, bali afuatilie nyaraka: ruhusa ya Spika, barua ya kujiuzulu ikiwapo, na notisi ya kiti kuwa wazi.

Ruhusa ya Spika ndiyo ya kuanza nayo. Katiba inasema kwamba mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane vya Bunge lake ndani ya kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa Spika, na akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati husika. Bunge la Taifa kwa kawaida hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, kisha Alhamisi alasiri, yaani vikao vinne kwa wiki, na hivyo vikao vinane vinaweza kumalizika katika muda wa wiki mbili tu. Isitoshe, Katiba haisemi kwamba lazima vifuatane. Hata hivyo masharti yote mawili, la kukosa ruhusa na la kukosa maelezo, ni lazima yatimie kwa pamoja, na ni vigumu kufikiria kamati itakayoyakataa maelezo ya mtu aliyekuwa kitandani akitibiwa. Sharti hili liliwekwa kwa ajili ya mtoro. Mgonjwa aliyeomba ruhusa na akapewa anaweza kukaa nje ya Bunge kwa muda mrefu sana, na kiti kikabaki chake kihalali.

Ili kujua kama ruhusa ipo, usitegemee uvumi wa vijiweni. Kumbukumbu rasmi za mijadala, yaani Hansadi, huchapishwa kwenye tovuti ya Bunge na husomwa bila malipo, ingawa zitakuonyesha zaidi aliyezungumza kuliko aliyehudhuria. Kwa mahudhurio yenyewe, mwandikie Karani wa Bunge la Taifa, au Karani wa Seneti ikiwa unamuulizia seneta, ukitumia haki unayopewa na kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Katika barua hiyo uliza mambo machache yaliyo wazi: je, mbunge wetu amepewa ruhusa ya maandishi ya kutohudhuria, ilianza tarehe gani, na inakwisha tarehe gani? Usiulize anaugua nini. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, mbunge akiwemo, na barua inayodai majina ya maradhi itapata jibu la kukataliwa huku swali lako la msingi likipotea.

Hapa nina msimamo wangu, nao ni kwamba kiongozi aliyechaguliwa anafanya vyema anaposema ukweli mapema hata kama sheria haimlazimishi. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra tangu 2013, aliwaambia Wakenya mwanzoni mwa 2019 kwamba alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyofikia hatua ya nne, akaenda Paris kwa matibabu, na wapiga kura wake wakajua kwa nini hawamwoni. Uwazi huo uliwapunguzia watu wa Kibra uvumi, na ukamsitiri yeye na familia yake kuliko usiri ambao ungewasitiri.

Nyaraka ya pili ni barua ya kujiuzulu. Mbunge hujiuzulu kwa kumwandikia Spika yeye mwenyewe. Mke, mume, mtoto, msaidizi wa ofisi au kiongozi wa chama hana mamlaka ya kumjiuzulisha, na azimio la mkutano wa hadhara halina nguvu hiyo pia. Wapiga kura wanaweza kumwomba, kwa heshima na kwa maandishi, na hakuna aibu katika kuomba. Mtu ambaye madaktari wamemweleza kwamba hatarejea kazini ana deni kwa maelfu ya watu waliomtuma, na kuliachia eneo mapema ni njia mojawapo ya kulilipa. Lakini uamuzi ni wake. Kuhusu maradhi ya akili, Katiba inataja kutokuwa na akili timamu kama sababu ya kukosa sifa za ubunge, ila inaongeza kwamba mtu hahesabiwi kukosa sifa mpaka njia zote za rufaa au marejeo ziishe, kwa hiyo tetesi peke yake hazifiki popote.

Kabla kiti hakijawa wazi, eneo lote huishi bila sauti yake ukumbini, na jambo hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sheria haikuweka mbunge wa muda. Katika Bunge la Taifa maamuzi hupitishwa na walio wengi kati ya waliopo na kupiga kura, na mgonjwa hawezi kumtuma mwenzake ampigie. Seneti ina nafuu ambayo wengi hawaijui: katika masuala yanayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na kiongozi wa ujumbe huo asipokuwepo, mjumbe mwingine aliyemteua anaweza kuipiga. Seneta mgonjwa wa Nairobi anaweza basi kulinda kura ya kaunti akiwa kitandani, mradi amemteua mwenzake aliyesajiliwa kama mpiga kura katika kaunti hii.

Kwa hiyo, mbunge wenu akiwa hospitalini, yapelekeni mambo yenu kwingine. Seneta, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti na wawakilishi wadi bado wapo. Maombi ya basari hupelekwa kwa kamati ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ambayo ina meneja wake na haifungi milango kwa sababu mbunge amelazwa. Mzazi akiambiwa asubiri mheshimiwa apone, na aombe jibu hilo kwa maandishi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na ombi hilo linaweza kuwasilishwa moja kwa moja kwa Karani au kupitia mbunge yeyote, si lazima awe wenu. Liandikeni kwa Kiswahili au Kiingereza, lieleze tatizo na mnachotaka kifanywe, na liwe na majina na sahihi za wanaoomba.

Kiti kikishakuwa wazi, kwa kifo au kwa kujiuzulu, siku zinaanza kuhesabiwa. Kifungu cha 101 kinamtaka Spika aijulishe Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kwa maandishi ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kilipokuwa wazi. Hali pekee ambayo kifungu hicho kinaizuia ni miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, ambapo kiti hakijazwi. Kwa kuwa uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, kiti kitakachobaki wazi kuanzia Mei mwaka huo kitasubiri uchaguzi mkuu wenyewe.

Katika utekelezaji, ratiba hii imewahi kufuatwa vyema, na imewahi kuvunjika vibaya. Francis Waititu wa Juja aliaga dunia tarehe 22 Februari 2021 baada ya kuugua saratani ya ubongo, na watu wa Juja wakapiga kura tarehe 18 Mei, siku 85 baadaye. Okoth alifariki tarehe 26 Julai 2019, na uchaguzi wa Kibra, ambao ulishindwa na ndugu yake Imran Okoth, ukafanyika tarehe 7 Novemba, siku 104 baadaye. Halafu ikaja hali mbaya kuliko hizo. Kuanzia Januari 2023 IEBC ilibaki bila mwenyekiti wala makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Mbunge wa Banissa, katika kaunti ya Mandera, alikufa Machi 2023. Seneta wa Baringo William Cheptumo na mbunge wa Malava Malulu Injendi walifariki Februari 2025. Na wote hao warithi wao walipatikana kwa kura za tarehe 27 Novemba 2025. Watu wa Banissa walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila mbunge wakati Katiba iliwaahidi siku 90. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpiga kura asingoje tu tangazo. Siku 21 zikipita bila Spika kutoa notisi, mwandikie, na nakala uipeleke IEBC. Kukiwa na mzozo kama kiti kiko wazi au la, kifungu cha 105 kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua, nayo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya miezi sita.

Maandalizi ya uchaguzi mdogo yanapaswa kuanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Usajili wa wapiga kura katika eneo husika husimama tangu kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi uchaguzi mdogo umalizike. Aliyehamia Kibra kutoka Embakasi bila kuhamisha usajili wake hataweza kufanya hivyo baada ya tangazo, na kijana aliyetimiza miaka 18 juzi hataingia daftarini. Hakiki jina lako katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako leo, mbunge akiwa mzima wa afya.

Anayetaka kugombea naye aangalie kalenda. Mgombea huru wa ubunge huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge, na wa useneta 2,000 katika kaunti. Zaidi ya hayo, asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Ukilinganisha miezi hiyo mitatu na zile siku 90, utaona kwamba mwanachama anayengoja mchujo wa chama ndipo ajitoe atakuwa amechelewa kabisa. Tarehe za uteuzi na za kupiga kura hutangazwa na IEBC katika Gazeti Rasmi la Kenya na katika vyombo vya habari.

Wabunge na maseneta waliopatikana kupitia orodha za vyama hawana uchaguzi mdogo. Mmoja wao akifariki au akijiuzulu, Spika huijulisha IEBC na chama husika, na kiti hupewa anayefuata wa jinsia ileile katika orodha iliyowasilishwa awali, ndani ya siku 21 tangu notisi ya Spika.

Mwakilishi wadi naye hulindwa na kubanwa kwa namna inayokaribiana, safari hii na kifungu cha 194. Vikao vinane bila ruhusa ya maandishi na bila maelezo ya kuridhisha humgharimu kiti, isipokuwa ruhusa hiyo hutoka kwa spika wa bunge la kaunti. Kwa wadi 85 za Nairobi, barua ya kuuliza mahudhurio hupelekwa kwa karani wa bunge la kaunti pale City Hall, na mgombea huru wa wadi huhitaji waungaji mkono 500.

Mshindi wa uchaguzi mdogo hutumikia muda uliobaki tu. Asiyeridhika na matokeo ana siku 28 tangu yatangazwe kufungua kesi, ya kiti cha Bunge katika Mahakama Kuu, na ya wadi katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kusikiliza kesi hizo.