Dereva mpya, punguza gharama ya bima hivi
Umepata leseni juzi, kigari kipo, sasa bima. Bima ndogo kwa gari binafsi hapa Tanzania ni shilingi 118,000 na VAT ndani, ila inamlipa uliyemgonga tu, gari lako utalitengeneza mwenyewe. Bima kubwa, ile inayolipa na gari lako, inakatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo taja bei halisi ya sokoni jamani, gari la milioni 10 kwa 3.5% ni 350,000 kabla ya VAT, ukiandika milioni 14 inakuwa 490,000 na siku ya ajali kampuni ya bima inaangalia thamani halisi tu. Usishushe pia, watakukata fidia. Bampa ikikwaruzika kidogo lipia mwenyewe, ukimaliza mwaka bila madai unaomba punguzo. Na hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, hapo hapo kabla hujaondoka, feki zipo.