Kutumia tena mtindo wa jedwali katika Microsoft Word

Anayeandaa ripoti ya mapato kila mwezi hana haja ya kupaka upya rangi na kuchora upya mistari ya jedwali lilelile. Bofya ndani ya jedwali lolote, fungua kichupo cha "Table Design", panua orodha ya mitindo, kisha uchague "New Table Style". Upe mtindo jina linaloeleweka, kwa mfano "Mapato ya Mwezi". Weka mistari ya jedwali zima, halafu chini ya "Apply formatting to" chagua "Header row" ili safu mlalo ya vichwa ipate wino mzito na rangi yake. Kabla ya kubofya "OK", teua "New documents based on this template", kwa kuwa bila hatua hiyo, ambayo ni rahisi mno kuiruka, mtindo utabaki ndani ya waraka huo mmoja tu.

Hata hivyo, mtindo hauhifadhi upana wa safu wima wala maneno ya vichwa. Ukivihitaji, futa kwanza takwimu za zamani, zisije zikasomwa kama za mwezi mpya, teua jedwali zima, kisha upitie "Insert", "Table" na "Quick Tables" hadi "Save Selection to Quick Tables Gallery".