Ukitaka CR-V ya zamani, anza na namba ya chesisi

Wewe unayetafuta Honda CR-V ya 2002 hadi 2006, kabla ya kupatana bei omba namba ya chesisi. Mengi ya magari haya yaliitwa na Honda yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Ndani yake kuna kikopo cha chuma chenye kemikali ya kulipuka, na joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu. Siku ya ajali kikopo kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma shingoni na usoni. Watu wamekufa kwenye ajali ndogo tu ambazo wangetoka wazima. Sasa fikiria gari lililoanikwa jua la Mombasa au Tanga miaka yote hiyo!

Gari lililoagizwa kutoka Japani lina namba fupi, mfano inayoanza na RD5, kwa hiyo tovuti za Marekani zinazodai tarakimu 17 hazikusaidii. Itafute kwenye tovuti ya Honda ya Japani; simu itakutafsiria. Ukikuta mfuko wa hewa haujabadilishwa, nenda kwa wakala wa Honda. Tafadhali, usimwachie fundi wa mtaani afungue usukani, wala usinunue mfuko wa hewa uliotumika.

Halafu kata kona kali polepole usikilize nyuma. Ikinguruma, mara nyingi ni mafuta ya difu yamechoka. Weka yale ya Honda yenyewe, si ya aina yoyote.