Muhtasari wa mtoto ukae kwenye maelezo ya kundi

Ikiwa mtoto mwenye mgongo wazi (spina bifida, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri tangu tumboni) na mpira wa kutoa maji kichwani anahudumiwa kwa mbali na daktari bingwa, muuguzi wa kituo cha afya na mama yake kupitia kundi la WhatsApp, wekeni muhtasari wa afya ya mtoto katika maelezo ya kundi badala ya ujumbe uliobandikwa juu, kwa kuwa ujumbe huo hudumu siku 30 tu kwa kiwango cha juu, ilhali maelezo hubaki na humfikia hata anayejiunga leo. Andikeni uzito na tarehe ya kupimwa, mzio (hasa wa glavu za mpira, ambao huwapata wengi wa watoto hawa), na dozi kwa miligramu pamoja na nguvu ya dawa: sharubati ya paracetamol ipo ya miligramu 120 na ya 250 kwa kila mililita 5, hivyo “kijiko kimoja” hakimwambii muuguzi chochote. Jina kamili liachwe nje. Mbinu hii hugeuka hatari uzito usiposasishwa, maana dozi za watoto hufuata kilo. Na mtoto akitapika mfululizo au kulala kupita kawaida, mama apige simu na kuelekea hospitali, asisubiri tiki za bluu.