Kerengende wa Mchana, Popo wa Usiku: Yupi Anakulindia Nini Shambani?

Mkulima akiona kerengende wengi juu ya shamba, huamini wadudu wake wameshapata dawa. Ni kweli nusu tu. Kerengende mhamiaji, Pantala flavescens, yule wa manjano anayefuata mvua, huwinda kwa macho mchana. Chakula chake ni mbu, visubi na kumbikumbi. Lakini nondo anayezaa viwavijeshi hutaga usiku, wakati kerengende amelala.

Hapo ndipo anapoingia popo mkia-huru mdogo, Chaerephon pumilus. Ana uzito wa gramu 10 hivi, na hutoka jua likizama. Hupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, kisha humdaka nondo au mbawakawa gizani. Kila nondo jike anayeliwa kabla ya kutaga ni mayai yasiyofika kwenye majani yako. Kwa mwenye mahindi, huyu ndiye wa kuthaminiwa zaidi, na inasikitisha kuona anavyofukuzwa kwa moshi na fimbo.

Kerengende anahitaji maji. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na tunutu wake, yaani kerengende mchanga asiye na mabawa bado, hula viluwiluwi vya mbu humo humo. Kutoka yai hadi kuruka huchukua kati ya siku 38 na 65, kwa hiyo usikimbilie kukausha dimbwi la shambani wala kupandikiza samaki, maana watamla. Makopo na matairi karibu na nyumba yamwage, hayo ni ya mbu tu. Bomba la dawa lioshee mbali na maji. Mabaki yake kidogo tu huua tunutu.

Popo hujibanza kwenye nyufa na chini ya mabati. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mkupuo, hivyo kundi likiuawa halirudi haraka. Ikiwa hutaki walale darini, ziba matundu baada ya watoto kuanza kuruka, usiku wakiwa wametoka wote. Usimshike kwa mikono mitupu, kwani popo huweza kubeba kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali mara moja. Kinyesi chake ni mbolea nzuri, ila kilowanishe na uvae barakoa kabla ya kukizoa.

Kiwavi aliyekwisha kuingia kwenye moyo wa mmea wa mahindi hafikiwi na kerengende wala popo. Pita shambani asubuhi, fungua majani machanga, na unyunyizie dawa pale tu mashambulizi yanapozidi.