Kutengeneza kifaa cha kutia chale risasi za gobore kwa tupa mbili

Risasi ya gobore husafiri mara mbili katika mtutu mmoja: kwanza hushuka ikisukumwa na mdeki, kisha hutoka ikisukumwa na moto wa baruti. Ikiwa nyembamba mno hushuka bila taabu, lakini huweza kuteleza na kuachana na baruti pale bunduki inapoinamishwa, na wakati wa kutoka haishiki vizuri mitaro iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha. Ikiwa nene mno, hugoma mdomoni au, vibaya zaidi, hukwama katikati ya njia. Tofauti kati ya hali hizo mbili mara nyingi haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndiyo maana anayesubu risasi zake mwenyewe hujikuta na kalibu inayotoa risasi nzuri zisizoukaa mtutu wake sawasawa.

Kutia chale ni kuibiringisha risasi kati ya nyuso mbili zenye meno ili meno yazame kidogo katika madini na kuyainua kandoni. Hakuna kinachokatwa, madini huhama tu kutoka bondeni kwenda kwenye tuta. Kipenyo huongezeka, matuta madogo huushika mtutu bila kuukaba, na mabonde huhifadhi mafuta ya kulainisha. (Lugha yetu huita kwa jina moja madini na kitu kinachotengenezwa kwa madini hayo, hapa nitasema “madini ya risasi” kila nitakapohitaji kutenganisha.)

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kushika tupa moja juu na nyingine chini na kubiringisha kwa mikono mitupu. Katika risasi kumi za kwanza, nyembamba na nene zilipishana kwa milimita 0.15, na moja ilinasa nusu ya mtutu nikalazimika kuitoa kwa parafujo maalumu. Tatizo halikuwa tupa, bali mkono, kwa kuwa hakuna mkono unaokandamiza kwa nguvu ileile mara kumi mfululizo. Kwa hiyo kifaa ninachokieleza kina reli mbili zinazoizuia tupa ya juu isishuke kupita kiasi. Reli ndizo zinazoamua kipenyo, na mkono hubaki na kazi ya kusogeza tu.

Hatua ya kwanza: kuchagua na kukata tupa

Tafuta tupa mbili bapa za urefu wa milimita 250, zenye meno ya ukubwa wa kati yaliyochongwa kwa mistari miwili inayokatizana. Tupa ya mistari ya upande mmoja huacha mikwaruzo ya mshazari tu, ilhali ile ya mistari inayokatizana huacha vipande vidogo mfano wa almasi, ambavyo huushika mtutu vizuri zaidi. Tupa laini haifai, kwa sababu meno yake ni mafupi na hujaa madini upesi. Kagua pia unene na upana, kwani tupa nyingi hupungua kuelekea nchani. Sehemu ya kutumia ni ile ya karibu na mpini, ambako zote mbili ni sawa.

Tupa ya chini iache na urefu wa milimita 200 hivi, na ya juu milimita 120. Msumeno wa chuma hautafanya kitu, kwani chuma cha tupa kimekaushwa kikawa kigumu kuliko meno ya msumeno wenyewe. Tumia grenda yenye diski nyembamba, kata kidogo kidogo huku ukichovya katika maji, na ukiona chuma kinageuka rangi ya bluu, ujue ugumu wake umepotea mahali hapo. Vaa miwani ya kinga, kwa maana tupa hupasuka kama kioo.

Vipimo hivyo vina sababu. Risasi yenye kipenyo cha milimita 12.7 ina mzingo wa karibu milimita 40, hivyo ili izunguke mara moja husafiri milimita 40 juu ya tupa ya chini. Tupa ya juu, hata hivyo, husafiri maradufu, yaani milimita 80, kama vile ubao unaosukumwa juu ya magogo unavyoyatangulia magogo yenyewe. Anayelisahau jambo hili hutengeneza kifaa kifupi, kisha hushangaa kuona upande mmoja wa risasi umebaki mtupu.

Hatua ya pili: kitako, reli na kitelezi

Chukua ubao mgumu uliokauka vizuri, wenye urefu wa milimita 350, uchonge mfereji wa kina kidogo na ulaze humo tupa ya chini kwa gundi ya epoksi. Usijaribu kutoboa tupa kwa ajili ya skrubu. Utaharibu keekee bure. Pande zote mbili za tupa funga reli za chuma bapa kwa skrubu zinazofunguka, huku reli moja ikiwa karibu kabisa na ukingo wa tupa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuwa egemeo la kitako cha risasi na kuifanya ilale ikikingama na mwendo.

Kitelezi ni ubao wa pili, mpana wa kutosha kulala juu ya reli zote mbili, uliogundishwa tupa fupi upande wa chini. Tupa hiyo ipite kati ya reli bila kuzigusa. Mwanya wa milimita moja kila upande unatosha. Juu yake funga mpini unaojaza kiganja.

Hatua ya tatu: kurekebisha mwanya

Hapa ndipo palipo na kazi yote, na hapa ndipo usiharakishe. Reli zikae juu ya vijazio vyembamba, na kila unapotoa kijazio kimoja kila upande kitelezi kinashuka. Bati la kopo la alumini la kinywaji lina unene wa takriban milimita 0.1, nalo linafaa kwa kuanzia. Kwa hatua ndogo zaidi tumia mabapa ya chuma ya kupimia mianya. Anza na mwanya ulio sawa na kipenyo cha risasi yako, ambapo meno hayataacha alama yoyote ya maana, kisha shuka kidogo kidogo.

Kwa mfano, risasi yenye milimita 12.65 ikipitishwa katika mwanya wa milimita 12.55, meno huzama milimita 0.05 kila upande na madini hupanda kandoni, hata kipenyo cha nje kikaribia 12.7 au kukizidi kidogo. Nasema kidogo kwa makusudi, kwa sababu madini laini na yaliyochanganywa na bati au antimoni hayapandi sawa. Pima kwa mikromita mahali patatu: karibu na kitako, katikati, na mwanzo wa kichwa. Ikiwa upande mmoja ni mnene, reli zako hazilingani kimo.

Hatua ya nne: kubiringisha

Paka chaki kwenye tupa zote mbili ili madini yasigande kati ya meno. Laza risasi mwanzoni mwa tupa ya chini, kitako kikigusa reli, teremsha kitelezi, kisha sukuma mara moja bila kusita mpaka risasi izunguke mara moja na nusu. Usiirudishe nyuma. Risasi iliyoanza kupinda hutambaa kando kama kaa, na chale zake huwa zimepishana. Itupe katika chombo cha kuyeyushia na uchukue nyingine.

Kisha ipime uzito. Uzito wa kabla na wa baada unapaswa kuwa uleule, kwa kuwa hakuna kilichoondolewa. Ukipungua, maana yake risasi iliburuzwa badala ya kubiringika, na tupa zimefanya kazi yao ya asili ya kukwangua.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, nitajuaje kwamba risasi imefikia unene unaofaa bila kufyatua?

Jibu: Hakikisha kwanza bunduki haina baruti wala fataki. Risasi iliyopakwa mafuta inapaswa kuingia mdomoni kwa kusukumwa na kidole gumba, kisha, siku ya kufyatua, ishuke kwa uzito wa mkono juu ya mdeki, bila kupigwa nyundo. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake, bado ni nyembamba. Kwa jaribio hili izuie isipite zaidi ya mdomo, ama sivyo utahitaji kuitoa kwa parafujo. Siku ya kulenga shabaha, weka alama kwenye mdeki inayoonyesha kwamba risasi imekaa juu ya baruti, kwani nafasi tupu kati yake na baruti huweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua.

Swali: Je, naweza kutia chale risasi zilizovikwa shaba?

Jibu: Meno ya tupa yataiandika shaba, lakini utahitaji nguvu nyingi na kitelezi cha ubao kitaanza kupinda. Zaidi ya hayo, shaba haijisawazishi ndani ya mitaro kama madini ya risasi yafanyavyo, hivyo kosa dogo la kipenyo linakuwa mkwamo. Binafsi sifanyi hivyo kwa kifaa hiki.

Swali: Risasi zangu zina mifereji ya mafuta. Je, chale hazitaiziba?

Jibu: Meno hugusa mikanda iliyoinuka tu, mifereji iko chini hayaifikii. Paka mafuta baada ya kutia chale, si kabla, kwa sababu tupa iliyoingia nta ya nyuki husafishika kwa shida.

Swali: Na zile za mviringo, fundi?

Jibu: Hapana. Tufe hubiringika kila upande na hakuna mhimili wa kulishika. Hiyo kazi yake hufanywa na kitambaa kinachoizunguka.

Swali: Naweza kuzirudisha tupa hizi kwenye kazi nyingine karakana?

Jibu: Usifanye hivyo. Zisugue kwa brashi ya waya kila baada ya risasi ishirini hivi, brashi ikiwa na unyevu ili vumbi lisiruke, ukusanye mabaki kwenye kopo lenye kifuniko, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kinachoingia mdomoni. Vumbi la madini ya risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima, kwa hiyo kifaa changu kinakaa ndani ya sanduku lake, kimeandikwa, na hakitoki karakana.